Matairi ya Masika: Gari Lipi la Nyumbani Livalishwe Kwanza?

SWALI: Ndugu wahariri, salaam. Tunaishi Kibosho, juu ya mji wa Moshi. Kutoka kwenye lami hadi nyumbani ni kilomita mbili za udongo mwekundu, na mita mia tatu za mwisho ni mlima mkali unaopita katikati ya migomba. Tuna magari matatu. Mimi naendesha Toyota IST, naingia zamu za usiku hospitalini. Mume wangu ana RAV4 yenye 4WD, huenda nayo Arusha mara mbili kwa wiki. Baba mkwe ana pikapu ya magurudumu ya nyuma, hubebea ndizi na majani ya ng'ombe. Kabla masika haijaanza tumepata hela ya matairi seti moja tu. Mume anasema yafungwe RAV4 kwa sababu ndilo gari la njia mbaya. Mimi naona ni IST. Tuamueni. – Mama wa watoto watatu, Kibosho

JIBU: Mama, kwa maelezo yako, matairi yaende kwenye IST. Ila kuna vipimo viwili vya kufanya kwanza, na kimojawapo kinaweza kuugeuza uamuzi huu.

Matairi hufuata safari. Chukueni karatasi, mwandike safari zote za wiki moja: nani anatoka, saa ngapi, kwa gari gani, na je, safari hiyo inaweza kusubiri mpaka jua litoke? Majani ya ng'ombe yanasubiri hadi saa nne asubuhi udongo ukikauka juu. Safari ya Arusha inaahirishwa. Zamu ya usiku haiahirishwi, na wewe unashuka gizani na kupandisha alfajiri, saa ambazo udongo umekunywa mvua usiku kucha. Gari lenye safari isiyosubiri, katika saa mbaya kuliko zote, ndilo la kwanza.

Hoja ya mume wako tunaielewa, na wengi huifuata. Lakini 4WD kazi yake ni kusukuma. Inagawa nguvu ya injini kwa magurudumu manne ili gari liondoke na lipande. Ukikanyaga breki kwenye mteremko, kila gari lina magurudumu manne yenye breki, na kinacholishika gari ni mpira na udongo peke yake. RAV4 yenye matairi ya kawaida, ikiendeshwa taratibu, itapanda mlima wenu siku nyingi za masika. IST yenye matairi yaleyale haitapanda, maana inavutwa na magurudumu ya mbele, na gari likiinua pua mlimani uzito hurudi nyuma, mbele kunakuwa kwepesi, tairi linazunguka bure. Mkipakia watu watatu kiti cha nyuma, hali inazidi kuwa mbaya.

Sasa vipimo. Cha kwanza ni kina cha njia ya magurudumu. Subiri siku ya pili baada ya mvua kubwa, tembea kilomita zote mbili kwa miguu ukiwa na fimbo uliyoitia alama kwenye sentimita 12. IST ikiwa tupu, tumbo lake liko sentimita 15 hivi kutoka ardhini, na ikibeba watu linashuka zaidi. Laza ubao juu ya mgongo wa udongo ulioko katikati ya njia, kisha simamisha fimbo ndani ya mtaro wa tairi. Mgongo ukizidi alama ya 12, gari litakaa kwa tumbo huku magurudumu yakielea, na hapo hakuna tairi duniani litakalolisaidia. Kama mgongo uko hivyo sehemu moja au mbili, uchimbwe kwa jembe. Kama uko hivyo njia nzima, badilishaneni magari wiki za masika: wewe uchukue RAV4, mume aende Arusha na IST kwa lami. Matairi nayo yatafungwa RAV4, kwa sababu sasa ndiyo inayobeba safari ya usiku.

Cha pili ni ukali wa mlima. Chukua ubao ulionyooka wa mita 2 na pima maji ya fundi ujenzi. Ulaze kwenye mlima, inua ncha ya chini hadi povu likae katikati, kisha pima nafasi kati ya ncha hiyo na ardhi. Sentimita 20 ni mwinuko wa asilimia 10. Sentimita 30 ni asilimia 15. Kwenye asilimia 10, IST yenye matairi mazuri ina nafasi nzuri ya kupanda. Kwenye 15, juu ya udongo mwekundu uliolowa, ni mtihani hata kwa matairi mapya, na mita chache zilezile zitawasumbua kila mwaka. Hapo tungeshauri sehemu ya hela iende kwenye lori moja la moramu au changarawe kwa zile mita 20 mbaya zaidi, pamoja na mfereji wa kando wa kuondoa maji. Magari yote matatu yatafaidi, na jirani pia.

Kuna jambo moja linaloweza kuirudisha RAV4 mbele ya foleni. Pima kina cha kashata zake, yaani vile vipande vya mpira vilivyochongwa usoni mwa tairi, kwa rula ya mwanafunzi, kwenye mfereji wa katikati wa tairi. Zikibaki chini ya milimita 3, gari hilo ni hatari kwenye barabara ya Arusha wakati wa mvua, kwa sababu mifereji haina tena nafasi ya kutoa maji na tairi hupanda juu ya maji kama ubao. Ukiona mpira uko sawa na vile vidaraja vidogo vilivyo ndani ya mifereji, umefika milimita 1.6, tairi limekwisha. Katika hali hiyo nunueni kwanza matairi ya lami ya RAV4, na IST isubiri. Kuteleza matopeni mara nyingi huishia kwenye migomba, kwenye mwendo wa 80 huishia pabaya zaidi.

Tairi gani kwa IST? Soma kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Kuna IST za 175/65R14 na za 185/65R15, kutegemea toleo. Nunua saizi hiyohiyo. Matairi yenye alama ya A/T, yaani ya njia zote, ni adimu kwa saizi ndogo, lakini ukiyapata ndiyo tunayoyapendelea. Ukiyakosa, chukua tairi la barabara lenye kashata zilizoachana vizuri pembeni, si lile lenye mistari minne ya kwenda mbele tu. Herufi M+S, yaani matope na theluji, peke yake isikushawishi. Hiyo huandikwa na mtengenezaji kwa kuangalia umbo la kashata. Matairi ya M/T, yale ya kashata nene kama matofali, ni mazito, yana kelele na yanashika vibaya kwenye lami iliyolowa. Hayafai gari linaloshuka mjini kila siku.

Usiongeze upana. Juu ya udongo wa mfinyanzi, tairi pana huelea kwenye ule uji wa juu, wakati tairi jembamba hukata na kufika kwenye ardhi ngumu iliyo chini. Usiongeze kimo pia: litasugua kwenye springi au kwenye plastiki ya bodi ukikata kona, na spidomita itakudanganya. Namba ya uzito, ile inayofuata saizi ubavuni mwa tairi, isishuke chini ya ile ya zamani. Kwa mfano 82 ni kilo 475 kwa kila tairi, na 88 ni kilo 560. Tafuta tarakimu nne za tarehe baada ya herufi DOT. 1224 ni wiki ya 12 ya mwaka 2024. Tairi lililokaa dukani au juani miaka sita limekuwa gumu hata kama bado linang'aa.

Fungeni yote manne. Fundi atawaambia mawili ya mbele yanatosha kwa kuwa ndiyo yanayovuta. Yatatosha kupanda. Wakati wa kushuka, mbele itashika na nyuma haitashika, mkia utakuja mbele, nawe utajikuta unatazama ulikotoka. Nati zikazwe kwa kifaa cha kipimo, takriban Nm 103 kwa magari mengi madogo ya Toyota, na zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Fanyeni alaimenti siku hiyohiyo, maana mashimo ya Kibosho yanaipinda kila msimu, na tairi jipya kwenye gari lililopinda huliwa upande mmoja kabla vuli haijaingia.

Kuhusu kuendesha, kwa ufupi. Shuka ukiwa kwenye L, yaani gia ya chini, tangu juu kabisa, usisubiri gari lishike kasi. Ukipandisha, chukua mwendo kabla ya mlima na ushikilie mguu palepale. Ukisikia injini inapiga kelele na gari haliendi, kashata zimejaa udongo na tairi limekuwa kipara. Achia, rudi chini taratibu, anza upya. Ikishindikana kabisa na njia ni pana, IST hupanda vizuri zaidi kwa kurudi nyuma, kwa sababu magurudumu yanayovuta sasa ndiyo yaliyo upande wa chini, yanakaliwa na uzito. Awepo mtu wa kukuongoza, na watoto washuke watembee.

Na pikapu ya mzee? Ikiwa tupu, nyuma hakuna uzito, ndiyo maana inacheza mkia. Magunia mawili au matatu ya mchanga, jumla kilo 100 hadi 150, yafungwe kwa kamba juu ya ekseli ya nyuma, si mwishoni mwa bodi. Kwa masika hii inatosha.

SWALI: Nimeagiza Toyota Wish kutoka Japani. Imefika na matairi yenye kashata nene, yana chale nyembamba nyingi na yameandikwa STUDLESS. Fundi pancha anasema ni ya theluji, ni laini, kwa hiyo yatashika matope kuliko mengine. Barabara yetu huku Ngaramtoni ni mbaya mvua ikinyesha. Niyaache, au niyahamishie kwenye Probox ya mke wangu ambayo ndiyo inayoingia vijijini kuchukua mboga? – Msomaji, Arusha

JIBU: Usifanye lolote kati ya hayo mawili. Barua kama yako tunazipata kila mara, kwa sababu magari mengi hutoka Japani yakiwa na matairi ya baridi miguuni, na mtu huona kashata nene akafurahi.

Fundi wako amepatia nusu. Ni matairi ya theluji, na ni laini kweli. Mpira wake umechanganywa ili usikakamae kwenye baridi iliyo chini ya nyuzi 7, ambako mpira wa kawaida hugeuka mgumu. Asubuhi ya Julai Arusha tunavaa sweta, lakini mara nyingi bado tuko juu ya nyuzi 10, na lami ya saa saba mchana ina joto la kuunguza kiganja. Kwenye joto hilo mpira wa theluji hulegea. Zile chale huziachia kashata ziyumbe, usukani unakuwa kama umewekewa sifongo, gari linachelewa kusimama, na tairi linaisha mapema sana. Ukikimbia 100 kwenda Minjingu ukiwa na abiria sita, joto linalojikusanya ndani yake ni la kuogopa.

Kuhusu matope, hapo ndipo fundi amekosea, na sababu yake inafaa kujulikana. Theluji hushikamana na theluji. Tairi la theluji limetengenezwa kuikamata theluji ndani ya chale na mifereji yake, kisha theluji iliyonaswa inang'ang'ania ile iliyo chini. Matope hayashikani hivyo. Matope juu ya matope ni sabuni. Tairi la matope linahitaji nafasi kubwa kati ya kashata ili liyatupe nje linapozunguka. Tairi lako litayabeba hadi lijae.

Kuhamishia Probox kuna tatizo jingine. Probox ya mizigo inatumia matairi ya kubeba uzito, membamba na yenye ukuta mgumu. Ya Wish kwa kawaida ni 195/65R15, rimu nyingine kabisa. Hata yangeingia, matairi ya theluji ya gari la abiria chini ya kreti za nyanya yangechoka ukutani na kupasuka.

Kati ya magari yenu mawili, Probox ndiyo inayoingia vijijini, kwa hiyo hela ya matairi ya njia mbaya iende huko, kwa saizi yake na namba ya uzito iliyoandikwa mlangoni. Wish inunuliwe matairi ya kawaida ya lami. Mpaka upate hela hiyo, iendeshe chini ya 80, upepo usipungue kipimo cha mlangoni, na uongeze nafasi kati yako na gari la mbele, hasa mvua inapoanza tu kunyesha. Ukiamua kuyauza, mwambie mnunuzi ni matairi gani. Huwa yana alama ya pili ndani ya mifereji, juu ya ile ya milimita 1.6: mpira ukifika hapo, yaani nusu ya umri wake, hata Japani hayahesabiwi tena kuwa ya theluji.

SWALI: Binti yetu ni muuguzi kusini mwa Ujerumani, kijijini, milimani. Yeye ana gari dogo, mumewe ana kubwa lenye 4WD na anafanyia kazi nyumbani. Wanataka kununua matairi ya theluji ya gari moja tu. Ameniuliza mimi baba yake kwa kuwa nimeendesha miaka mingi, lakini theluji ninayoijua ni ile ya Kibo, na naiona kwa mbali. – Mzee wa Machame

JIBU: Shikamoo mzee wetu. Mwambie binti kwamba kwao sheria imeshajibu sehemu ya swali. Ujerumani hairuhusu gari kuendeshwa kwenye theluji au barafu bila matairi ya baridi, na tangu 1 Oktoba 2024 alama ya M+S peke yake haikubaliki: lazima tairi liwe na mchoro wa mlima wa vilele vitatu wenye chembe ya theluji ndani yake. Kwa hiyo gari lisilo nayo halitoki uani siku ya theluji, liwe kubwa au dogo.

Wakiwa na uwezo wa seti moja, ifungwe kwenye gari la yule anayetoka alfajiri kabla barabara haijasafishwa. Huyo ni binti yako, na gari lake dogo linafaa kabisa. Mume anayefanyia kazi nyumbani anaweza kuacha lake limeegeshwa siku hizo. Wasifanye kosa la kulitegemea lile kubwa kwa matairi ya kiangazi. Kwa sababu lina 4WD litaondoka bila shida, dereva ataamini barabara ni nzuri, na kwenye kona ya kwanza ya mteremko atagundua kwamba halisimami.

Wenyeji wana kanuni yao: kuanzia Oktoba hadi Pasaka. Wanunue manne. Sheria inaruhusu hadi milimita 1.6, lakini tairi la theluji chini ya milimita 4 limeshapoteza kazi yake. Wakinunua na rimu za pili, kubadilisha kila msimu kutakuwa rahisi, na ukingo wa tairi hautachanika kwa kuvuliwa mara kwa mara. Waandike kwa chaki kila tairi lilikotoka, wayahifadhi mahali penye giza na ubaridi, na boliti zikazwe tena baada ya kilomita 50.

SWALI: Napandisha Nkoaranga na Noah, nabeba maziwa. Wenzangu hutoa upepo wakifika kwenye matope, wengine hufunga minyororo. Kipi sahihi? – Dereva, Usa River

JIBU: Inategemea matope. Yakiwa uji mwembamba juu ya ardhi ngumu, acha upepo ulivyo, tairi likate lifike chini. Yakiwa ya kuzama, shusha upepo kutoka psi 32 hadi 24 au 25, ili tairi lilale na kugusa eneo kubwa. Usishuke chini ya 20, maana ukikata kona tairi linaweza kuchomoka kwenye rimu, na kwa mzigo wa maziwa hata 24 iwe kwa mwendo wa chini ya 30 tu.

Minyororo inashika kuliko kitu kingine chochote, lakini ifungwe kwenye magurudumu yanayosukuma, na Noah ziko za aina mbili: za zamani zenye injini chini ya viti husukumwa na nyuma, za baadaye huvutwa na mbele. Ifunge kabla hujakwama. Endesha mita 50, shuka uikaze tena, na uivue mara ukifika kwenye lami, la sivyo itakata tairi na kupiga mabomba ya breki.

Nunua pampu ndogo ya umeme ya kuchomeka kwenye tundu la sigara, pamoja na kipimo chake. Ukifika lami rudisha upepo palepale. Kisha pima tena kesho yake alfajiri kabla hujaondoka, maana tairi lililotoka njiani lina joto na litakusomea zaidi ya upepo uliomo.